Kasha la Gemu Lijengwe Lifunguke

Nyumba nyingi zina mashine ya gemu ya zamani iliyosukumwa chini ya kitanda: ile ya kuchomeka kaseti, nakala ya Kichina ya Famicom ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Mara nyingi mashine yenyewe haijafa. Kilichokufa ni adapta, padi, televisheni, au umeme. Sisi wa West Nile, huku Uganda, tunalijua hili la umeme kuliko wengi. Kwa miaka mingi eneo letu halikuwa kwenye gridi ya taifa. Tulitegemea jenereta za dizeli, kisha kikaongezeka kituo kidogo cha umeme wa maji cha Nyagak, karibu na Paidha, megawati 3.5, kilichoanza kazi mwaka 2012. Mtu aliyekulia Arua au Koboko amezoea kuuliza kwanza kama umeme upo, ndipo aulize kuna gemu gani.

Ndiyo maana kuigeuza mashine hiyo iwe ya mkononi, yenye kioo na betri yake, kuna maana zaidi hapa kuliko huko ilikobuniwa. Televisheni hula makumi ya wati. Bodi ya gemu pamoja na kioo kidogo cha gari, kile cha kuonyesha nyuma dereva anaporudi kinyumenyume, havifiki wati tano. Betri ya kompyuta mpakato iliyotupwa inatosha kuviendesha jioni nzima.

Vijana wanaotaka kujaribu kazi hii huuliza habari za nyaya. Waya huu uende wapi, volti ngapi, nikate wapi. Ni maswali mazuri, na fundi yeyote wa redio atayajibu kwa dakika chache. Ni wachache wanaouliza habari za kasha, na kasha ndilo litakaloamua kama kifaa kitadumu mwaka au wiki. Ushauri wangu wote unazunguka jambo moja: jenga kasha linalofunguka kwa bisibisi moja, lifunguke mara hamsini bila kuharibika, na ndani yake kuwe na nafasi ya kipuri ambacho bado hujakiona. Viwanda vya simu siku hizi hubandika kila kitu kwa gundi kwa sababu vinataka ununue nyingine. Wewe hutengenezi kwa ajili ya kiwanda. Betri yako imetoka kwenye takataka, kioo kimetoka kwenye gari la mtu, padi imetoka Ariwara sokoni. Vyote vitakufa kwa zamu, na kila kitakachokufa mahali pake patachukuliwa na kingine kisicholingana nacho. Kasha lililogandishwa kwa gundi ni jeneza.

Anza kwa kuvijua viungo vyako kabla ya kugusa msumeno. Fungua mashine ya gemu. Ndani utakuta nafasi tupu kubwa na bodi ndogo yenye kitone cheusi kigumu katikati. Chini ya kitone hicho kuna chipu inayofanya kazi zote za Famicom. Karibu na tundu la adapta kuna kidude chenye miguu mitatu, kwa kawaida kimeandikwa 7805. Kazi yake ni kuzishusha volti 9 za adapta ziwe 5, na zile nne zinazobaki huzigeuza joto. Kama betri yako inatoa volti 5 tayari, kidude hicho hukihitaji. Kitoe, peleka volti 5 moja kwa moja kwenye mguu uliokuwa wa kutolea umeme, na kasha lako litakuwa la baridi zaidi na jembamba zaidi. Huo ndio uzuri wa mashine hizi ndogo: zikishaondolewa kidude hicho hazipati moto wa kutisha, kwa hiyo kasha halihitaji feni wala matundu makubwa. Anayetaka kuanza na PlayStation 2 nyembamba namshauri angoje. Ile ina diski inayozunguka, ina joto la kweli, na inataka betri nzito. Jifunze kwanza kwa ya kaseti.

Bodi ya padi ina nyaya tano tu: volti 5, ardhi, na tatu za mawasiliano. Usiziunganishe kwa kukisia rangi, maana viwanda vya nakala hupaka rangi vinavyotaka. Fuata kila waya kwa mita kuanzia kwenye plagi hadi kwenye bodi, na uandike.

Kioo cha gari cha inchi 4.3 ndicho kinachofaa mkono wa kawaida. Sehemu inayoonyesha picha ina upana wa milimita 95 hivi na urefu wa milimita 54. Kinapokea waya uleule wa picha, wa njano, uliokuwa ukiingia kwenye televisheni, na vingi hutambua vyenyewe mfumo wa PAL uliozoeleka kwenye televisheni za Uganda. Tatizo ni kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya gari, yaani volti 12. Utahitaji kibodi kidogo cha kupandisha volti kutoka 5, na kibodi hicho kikikaa jirani na waya wa picha utaona mistari ikitambaa kwenye kioo. Kiweke upande wa pili wa kasha. Hilo ni jambo la kasha, si la umeme, na ndiyo sababu nasema michoro ya nyaya peke yake haitoshi.

Sasa chukua katoni. Naam, katoni ya sabuni au ya biskuti. Kata vipande, vibandike kwa selotepu, utengeneze kasha la bandia lenye ukubwa unaoufikiria, kisha ulishike dakika ishirini ukiwa umeketi kwenye benchi. Mikono itakuambia mambo ambayo rula haiwezi. Kaseti ya Famicom ina upana wa sentimita 11 hivi na urefu wa 7, kwa hiyo kasha lako halitakuwa dogo. Ukipata sentimita 21 kwa 11 na unene wa 4 umefanya vizuri. Ukubwa huo unashikika vizuri ikiwa uzito umegawanyika. Seli za betri ndizo nzito kuliko vyote, hivyo ziweke pembeni, moja chini ya kila kiganja, na mgongo wa kasha uvimbe kidogo hapo ili vidole vipate pa kukamata. Ukiziweka zote upande mmoja, mchezaji atachoka mkono mmoja bila kujua kwa nini. Weka vitufe chini kidogo ya katikati ya kioo, si juu yake, la sivyo vidole gumba vitakunjamana.

Wape mtoto na mtu mzima walishike hilo la katoni. Mikono yao haifanani na yako.

Mambo yakikaa sawa, hamishia vipimo kwenye daftari la hesabu lenye miraba, mchoro wa mbele, wa juu na wa ubavuni. Panga matabaka: kioo na vitufe mbele, bodi katikati, betri nyuma. Acha milimita 2 au 3 juu ya kila kipuri kirefu. Katika mchoro wa ubavuni ndipo utakapogundua kwamba kaseti ikiingia inagonga seli, na ni nafuu kuligundua kwenye karatasi.

Tuje kwenye malighafi. Hapa niseme wazi ninachokipenda na nisichokipenda.

Jerikeni liache. Linapatikana kila kona na linakatika kwa kisu, lakini plastiki yake haishiki gundi yoyote utakayoipata dukani, na ni laini mno. Ukiminya kitufe, ukuta wote unabonyea. Vyombo vya chakula vya plastiki vina ugonjwa uleule. Bati la alumini ni imara na zuri machoni, ila linapitisha umeme. Waya mmoja uliochubuka unatosha kuua bodi. Mwenye kung'ang'ania alumini alitandike ndani kwa karatasi ngumu au mpira wa ndani wa baiskeli, kila sehemu, bila kuacha pembe.

Mbao si mbaya. Maseremala wa Arua hutupa vipande vya mvule na misaji ambavyo kwako ni hazina. Lakini mbao hutaka unene ili isipasuke, na unene ndio tunaoukimbia. Itumie kwa mbavu za kasha, si kwa uso wala mgongo.

Chaguo langu ni bomba la PVC, lile la kijivu la maji machafu, la inchi 4. Kipande cha bomba kilichobaki kwenye ujenzi hupatikana kwa bei ndogo au kwa salamu tu. Likipasuliwa kwa urefu na kukunjuliwa, linatoa bamba lenye upana wa sentimita 34 hivi, na hiyo inatosha uso na mgongo wa kasha. Kulikunjua ni rahisi. PVC hulainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi, na Arua, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 96. Kwa hiyo sufuria pana ya maji yanayochemka inatosha kabisa. Tumbukiza kipande, ngoja kilegee, kitoe kwa koleo, kikandamize kati ya mbao mbili bapa, weka jiwe juu, ngoja kipoe. Kikitoka kimepinda, kirudishe majini. Usitumie moto wa mkaa moja kwa moja. PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma mapafu, na sufuria uliyoitumia isirudi jikoni kwa mama.

PVC ina faida nyingine: gundi ya mabomba huiyeyusha na kuiunganisha hata ikawa kitu kimoja. Itumie kwa kujenga kila nusu ya kasha, yaani kushikiza mbavu kwenye uso na nguzo kwenye mgongo. Usiitumie kamwe kuunganisha nusu mbili. Pia ina udhaifu wa kukumbuka: joto ulilolitumia kuilainisha linaweza kuilainisha tena. Kasha jeusi lililoachwa mbele ya gari, nyuma ya kioo, Koboko mwezi wa Februari saa nane mchana, litarudi limejikunja. Lipake rangi nyepesi.

Wapo watakaosema ganda la redio kuukuu au la televisheni ni bora, na kwa kweli plastiki yake huchongeka vizuri zaidi. Sina ubishi. Kama umepata ganda lenye uso bapa wa kutosha, litumie, na vipande vinavyobaki vihifadhi. Vingi vikilowekwa kwenye asetoni huyeyuka vikawa uji mzito unaoziba nyufa na kujenga pembe. Hakikisha tu ni asetoni halisi. Baadhi ya chupa za kuondolea rangi ya kucha hazina hata tone. Kwa viungo vidogo, supa gluu ikinyunyiziwa baking soda huganda papo hapo ikawa ngumu kama meno. Fanya hivyo mlangoni penye upepo.

Kukata tundu la kioo ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu wana haraka. Usichome plastiki kwa kisu cha moto. Kingo zitavimba na hazitanyooka tena. Chora mstari, toboa matundu madogo yaliyofuatana milimita 2 ndani ya mstari, katisha kati yake kwa ubapa wa msumeno wa chuma, halafu maliza kwa tupa hadi ufike kwenye mstari. Mwisho msasa. Ukikata kwenye mstari wenyewe, tundu litakuwa kubwa, na tundu kubwa halina dawa ila fremu ya kuficha aibu.

Vitufe vina njia ya mkato ambayo mafundi wa nchi nyingine wameitumia kwa miaka mingi. Mmarekani Ben Heckendorn, aliyeanza mnamo mwaka 2000 kuzigeuza mashine za Atari 2600 kuwa za mkononi, alichonga makasha yake kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Wewe una tupa. Kwa hiyo usijaribu kutoboa matundu ya vitufe mwenyewe. Chukua padi nzima, ikate ganda lake katikati, na uipandikize kila nusu kwenye uso wa kasha pamoja na mipira yake ya ndani. Msalaba kushoto, vitufe viwili kulia. Matundu yametengenezwa kiwandani, vitufe havitakwama, na mipira ikichakaa utaibadilisha kwa ya padi nyingine. Bodi ya padi ikilazimu kukatwa, unganisha upya njia zilizokatika kwa nyaya nyembamba, ukizipima moja moja.

Kwenye betri sitanii. Seli za kompyuta mpakato, zile za mviringo zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, ni nzuri na zinapatikana. Betri moja mara nyingi ina sita. Nunua betri nzima iliyokufa, maana mara nyingi seli mbili tu ndizo zilizooza. Pima kila moja. Iliyoshuka chini ya volti 2.5 itupe, lakini si motoni wala chooni. Mpe fundi anayezikusanya. Zilizobaki zichaji hadi volti 4.2, ziache wiki nzima, uzipime tena. Iliyoshuka sana ikiwa imelala tu haifai kukaa mikononi mwa mtoto. Kabla ya kuziunganisha seli mbili sambamba hakikisha volti zake ni sawa, na lehemu kwenye vibati vilivyobaki juu yake, si kwenye seli yenyewe, kwa sababu joto la kulehemu linaiua kutoka ndani. Kisha tumia bodi ya benki ya umeme iliyoharibika ganda: ina chaja, ina kinga, inatoa volti 5, na inachajiwa kwa waya wa simu.

Hesabu ni fupi. Seli mbili za mAh 2,000 kwa volti 3.7 ni karibu wati-saa 15. Ukitoa kinachopotea njiani unabaki na 12 na kitu. Kifaa kikila wati 3.5, una saa tatu na nusu za kucheza. Ukitaka saa zaidi ongeza seli, lakini kumbuka mikono. Gunpei Yokoi, aliyeongoza uundaji wa Game Boy ya mwaka 1989, alichagua kioo kisicho na rangi wala taa ili betri nne ndogo zidumu, na akawashinda washindani waliokuwa na vioo vya rangi na betri sita zilizokwisha upesi. Yokoi aliamini katika vipuri vilivyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, akivitafutia matumizi mapya. Angejisikia nyumbani kwenye meza ya fundi wa Koboko.

Seli zipewe chumba chao ndani ya kasha, chenye kuta, mbali na ncha za skrubu. Jifunze kuchagua skrubu fupi. Skrubu ndefu iliyotoboa seli ya lithiamu huwasha moto ambao maji ya kikombe hayauzimi.

Kufunga kasha, achana na skrubu za mbao zinazojichimbia kwenye plastiki. Mara ya tano zimelegea. Tumia boliti za milimita 3 na nati. Ipashe nati moto kwa chuma cha kulehemu, izamishe polepole kwenye nguzo ya plastiki, iache ipoe: umepata uzi wa chuma usiochakaa. Boliti nne za pembeni na mbili za katikati, zote za aina moja na kichwa kimoja, ili bisibisi moja itoshe. Nyaya zinazovuka kutoka nusu moja hadi nyingine ziwe na plagi, au angalau ziwe ndefu kiasi cha kulifungua kasha kama kitabu bila kung'oa kitu.

Tundu la kaseti lishikwe na kasha, si na bodi. Kila mtoto atakayechomeka kaseti anasukuma kwa nguvu zake zote, na nguvu hiyo lazima iishie kwenye ukuta, si kwenye risasi ya kulehemu. Vivyo hivyo tundu la chaji. Lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba imepunguza mtikisiko, lakini ukiiacha lami tu, boda inatikisa kila kiungo kisichoshikwa. Tandika sponji nyembamba nyuma ya kioo na chini ya bodi.

Vumbi letu jekundu nalo lipewe heshima yake. Kiangazi linaingia popote. Spika itobolewe vitundu vidogo na kuzibwa kwa ndani na kipande cha soksi nyembamba ya kike. Kaseti ikitolewa, tundu lake lifunikwe kwa kifuniko cha mpira, na fundi viatu atakukatia kimoja kwa dakika tano. Wakati uko hapo mwombe pia ngozi ya kufunika mahali viganja vinaposhika, maana PVC tupu huteleza kwa jasho.

Jambo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linaloachwa na karibu kila mtu. Chora mchoro wa nyaya kwa kalamu isiyofutika, andika volti za kila waya na tarehe ya kuweka seli, ubandike ndani ya mgongo wa kasha kwa selotepu pana. Kifaa hiki kitauzwa, kitaazimwa, kitavuka mpaka kwenda Kaya au Aru, na siku kitakapogoma kitafunguliwa na fundi asiyekujua. Mwachie maelezo.